Alama Kwenye Puli

Mwaka wa 1954, mvua za vuli zikiwa bado hazijaanza, Mbaruku bin Sadalla alikuwa ametimiza miaka kumi na moja akitengeneza injini katika gereji moja ya Wazungu karibu na stesheni ya reli, Dar es Salaam. Alianza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Sasa yeye ndiye aliyeitwa injini ikiwashinda wengine. Wenzake walisema ana sikio. Neno hilo hakulipenda, kwa sababu lilimfanya aonekane anabahatisha. Mbaruku alikuwa anapima kila kitu, ila vipimo vyake havikuwa vya kwenye kitabu.

Msimamizi wa gereji, Bwana Pinnock, alikuwa na miezi mitano tu mjini. Hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana watu. Alikuwa mtu wa vitabu vya magari, ambavyo alivifungia kwenye kabati la kioo, na ufunguo wake ukakaa mfukoni mwake.

Jumatatu moja kililetwa pale kigari cha mizigo cha Natvarlal, au Natubhai kama wengi walivyomwita, Mhindi mwenye duka la jumla la vitambaa Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Kilikuwa kigari kikongwe cha mwaka thelathini na nane, na kazi yake ilikuwa kubeba majora kutoka bandarini. Dereva wake, Aristides, Mchaga wa Kibosho, alieleza shida kwa ufupi: kinachemka upesi, hakina nguvu, na ukikanyaga mafuta kinakohoa nyuma.

"Taimingi imechelewa," Mbaruku alimwambia. "Kanywe chai. Ukirudi kitakuwa tayari."

Kazi yenyewe si kubwa. Katika injini ya petroli, cheche ya plagi inatakiwa iwake wakati pistoni inakaribia kufika juu kabisa. Ikichelewa, nguvu inapotea na injini inapata moto. Ikiwahi mno, mlipuko unaisukuma pistoni irudi ilikotoka, na hapo anayeumia ni yule anayezungusha hendeli, kile chuma cha kuwashia injini kwa mkono mbele ya gari. Fundi hulegeza skrubu moja chini ya distributa, kile chombo kinachogawa umeme kwa plagi, akaizungusha distributa yenyewe kidogo tu, pengine upana wa ukucha, kisha akakaza. Ili ajue aizungushe mpaka wapi, hutazama alama iliyochongwa kwenye puli, lile gurudumu la chuma mbele ya injini linalovuta mkanda wa feni.

Mbaruku alikuwa ameshika spana tayari, Bwana Pinnock akaja na kitabu kimoja mkononi na taa ndogo ya kupimia. Akazungusha injini taratibu mpaka alama ya puli ikakaa mahali pake.

"Bwana," Mbaruku alisema, "puli hii si ya injini hii. Ile ya kwanza ilipasuka mwaka jana, kabla wewe hujaja. Hii tuliitoa kwenye gari bovu la aina nyingine. Alama yake haisemi kweli hapa."

"Alama ni alama," Bwana Pinnock alijibu kwa Kiswahili chake. "Kitabu nasema hapa. Mimi nafanya hapa."

"Kitabu hakijui kama puli imebadilishwa."

Bwana Pinnock aliinama mwenyewe, akaizungusha distributa mpaka taa yake ikawaka, akakaza skrubu kwa mkono wake.

"Hii itapiga mtu, bwana," Mbaruku alisema.

"Wewe funga boneti."

Mbaruku alisimama kidogo. Kisha akafunga boneti. Waliwasha injini kwa betri mpya ya gereji, ikawaka, ingawa iligonga kama mtu anayetikisa kokoto ndani ya mkebe. Bwana Pinnock aliandika kitu kwenye kadi, akaenda zake. Mbaruku aliitwa kwenye gari jingine, na aliponyanyuka kumtafuta Aristides ampe tahadhari, kigari kilikuwa kimeshatoka.

Kesho yake asubuhi, mbele ya duka, betri kuukuu ya kigari ilishindwa kuzungusha injini. Aristides akachukua hendeli kama alivyozoea. Mara ya kwanza haikuwaka. Mara ya pili hendeli ilimrudia kwa nguvu ikamvunja kifundo cha mkono wa kulia. Wachukuzi waliokuwa wakishusha majora walisema mlio wa mfupa waliusikia. Walimpakia kwenye mkokoteni, wakamsukuma mbio mpaka hospitali.

Jumatano Mbaruku aliitwa ofisini. Juu ya meza palikuwa na karatasi iliyopigwa chapa na kikopo cha wino wa kutilia dole gumba. Karani wa gereji alimsomea. Ilisema kwamba yeye, Mbaruku bin Sadalla, ndiye aliyetega taimingi ya gari la Natvarlal, tena bila kufuata kitabu, na kwa uzembe wake dereva akaumia.

"Weka dole hapa," Bwana Pinnock alisema. "Halafu kazi naendelea. Wewe fundi mzuri. Nakata mshahara kidogo tu, basi."

"Mimi najua kuandika, bwana. Nilifika darasa la nne."

"Basi, andika jina."

Mbaruku aliitazama karatasi mpaka akaimaliza. "Jina langu naliandika chini ya maneno yangu," alisema. "Haya ni maneno yako. Andika lako."

Karani aliinamisha uso. Bwana Pinnock alikuwa mwekundu shingoni. Alisema kwamba mtu asiyetia sahihi hana kazi, na hatapewa barua ya kazi, na bila barua hakuna gereji mjini itakayompokea. Alisema yote hayo kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma bei. Mbaruku alikwenda kwenye benchi lake, akafunga spana zake mwenyewe ndani ya kipande cha turubai, akatoka kwa mlango wa mbele ambao mafundi hawakuruhusiwa kuutumia.

Hakwenda nyumbani. Alishika njia ya Jangwani kwa miguu mpaka Magomeni, kwa Aristides. Mlangoni alipokewa na Theopista, mke wa Aristides, aliyekuwa na unga mikononi. Hakumkaribisha.

"Wewe ndiye fundi," alisema.

"Ndimi, Mama Josepha."

"Nimesikia kwa wachukuzi, nao wamesikia kwa mafundi wenzako, kwamba ulijua. Kwamba ulisema gari litapiga mtu."

"Nilisema."

"Kisha?"

"Kisha nikafunga boneti."

Theopista alimkazia macho. "Basi mkono wa mume wangu una sehemu yako."

"Una sehemu yangu," Mbaruku alisema. "Sikuja kukataa hilo. Lakini wanataka nichukue yote, na hiyo sichukui."

Alisimama pale juani kwa muda ambao hakuuhesabu. Mwishowe ikasikika sauti ya Aristides kutoka ndani: "Mwache apite, Mama Josepha."

Aristides alikuwa amekaa kitandani, mkono wake umefungwa plasta nyeupe mpaka kwenye kiwiko. Uso wake ulikuwa umepungua kwa siku mbili tu. Alieleza kwamba karani wa gereji alikuwa amefika kwake vilevile. Wanataka aseme alimwona Mbaruku kwa macho yake akitega taimingi. Akikataa, watamwandikia Natvarlal kwamba dereva wake hajui kushika hendeli, na kwamba kosa ni la dereva.

"Uliniona?" Mbaruku aliuliza.

"Nilikuwa nje nakunywa chai. Wewe ndiye uliyenituma."

"Basi sema hivyo."

"Kwako ni rahisi. Umeshafukuzwa, huna tena cha kunyang'anywa." Aristides aliunyanyua mkono wenye plasta kidogo, akaurudisha. "Mimi Natubhai akiambiwa sijui kushika hendeli, nitaendesha nini? Nani anampa gari mtu mwenye mkono huu? Na tena sijui, Mbaruku. Wewe unasema ni yeye, yeye anasema ni wewe. Mimi niliyeumia sijui."

Hilo lilimwingia Mbaruku kuliko maneno ya ofisini. Aliona kwamba mtu huyu hakuwa akimtilia shaka kwa ubaya. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha chochote.

"Njoo dukani Ijumaa asubuhi," alisema. "Nitakuonyesha ndani ya injini yenyewe. Ukishaona, sema utakalo."

"Nitakuja na mimi," Theopista alisema kutoka mlangoni.

Ijumaa Mbaruku aliwahi Mtaa wa Kongo kabla ya wateja kujaa. Kigari kilikuwa palepale kilipomwumiza Aristides, maana hakuna aliyethubutu kukigusa. Natvarlal alikuwa akifungua milango ya duka, mtu mfupi wa miaka hamsini, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Natubhai, habari za asubuhi. Naomba nusu saa na gari lako."

"Njema. Gereji wamenipigia simu jana, Mbaruku. Wamesema nisikuruhusu."

"Gari ni la nani?"

"Langu. Lakini vipuri nanunua kwao, na nina magari mawili mengine."

"Nusu saa tu. Ukiona ninaongopa, nifukuze hapa mbele ya watu wote."

Natvarlal alifuta miwani kwa ncha ya shati lake. Alifikiri muda mrefu mpaka mchukuzi mmoja aliyekuwa akisubiri kupita na robota ikabidi alitue. Kisha akatoa ufunguo.

Aristides na Theopista walipofika, Mbaruku alikuwa ameshafungua plagi ya silinda ya kwanza. Kwa fundi baiskeli wa jirani alikuwa ameazima spoku moja ndefu. Aliitumbukiza kwenye tundu la plagi mpaka ikagusa kichwa cha pistoni, akamwita Aristides asogee.

"Tia kidole cha mkono mzima hapo juu ya spoku. Usibonyeze, gusa tu."

Akazungusha injini polepole kwa hendeli. Spoku ikaanza kupanda.

"Inapanda," Aristides alisema.

"Hiyo ni pistoni inakuja juu. Niambie ikisimama."

Ilipanda, ikasimama, kisha ikaanza kushuka. Mbaruku aliirudisha. Alipima pale ilipokuwa karibu kufika na pale ilipoanza kuondoka, akaweka mstari wa chaki kwenye puli kwa kila upande, na mstari wa tatu katikati yake. Akarudia tena tangu mwanzo, na chaki ikaangukia palepale.

"Hapa katikati ndipo juu kabisa pa pistoni. Mimi sikuchagua, imechagua injini. Sasa tazama alama ya kuchonga iko wapi."

Theopista ndiye aliyeinama kwanza. Alama ya kuchonga ilikuwa mbali na chaki, akaweka vidole vyake viwili katikati vikaenea.

"Ukifuata ile ya kuchonga," Mbaruku alisema, "cheche inawaka pistoni ikiwa bado huku chini, inapanda. Ndiyo maana ilikurudia."

Watu walikuwa wameanza kukusanyika: wachukuzi, wauza kahawa, fundi cherehani wa barazani. Ndipo gari la gereji liliposimama, wakashuka Bwana Pinnock na karani wake. Walikuja na karatasi ya Aristides, baada ya kumkosa kwake Magomeni, na hawakutegemea kukuta boneti iko wazi.

"Nani nasema wewe gusa gari hii?" Bwana Pinnock aliuliza.

"Mwenye gari," Mbaruku alijibu. Hakusimama. "Karibu utazame, bwana. Spoku hii haijui Kiingereza wala Kiswahili. Zungusha mwenyewe uone."

"Mimi natazama kitabu. Hapana tazama spoku."

"Jumatatu nilikuambia, ukanituma nifunge boneti. Leo imefunguliwa. Inama tu."

Bwana Pinnock hakuinama. Alisema na Natvarlal kwa Kiingereza, haraka, akionyesha kundi la watu kwa kidole. Natvarlal alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alivua koti, akamkabidhi mchukuzi aliyekuwa karibu, akainama juu ya injini na shati lake jeupe. Alizungusha hendeli kwa mkono wake, akaitazama spoku, akaitazama puli. Alifanya hivyo mara mbili. Aliponyanyuka tumbo la shati lilikuwa na grisi.

"Nimeona," alisema kwa Kiswahili, ili wote wasikie.

Mbaruku hakungoja zaidi. Aliipeleka injini kwenye chaki, kisha akairudisha nyuma kidogo, kadiri injini ya aina ile inavyopenda. Alichana karatasi ya sigara akaibana katikati ya platini, vile vyuma viwili vidogo vya distributa vinavyoachana ili cheche iwake, akalegeza skrubu na kuizungusha distributa taratibu huku akivuta karatasi. Ilipoachia tu, akakaza. Alirudisha plagi na waya wake, akavuta kila waya kuona kama umekaa.

"Nani atapiga hendeli?" fundi cherehani aliuliza.

Theopista alimtazama Mbaruku. "Aliyetega," alisema.

Mbaruku alichukua hendeli. Kila dereva pale alijua kwamba hendeli hushikwa dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine, ili ikirudi iteleze mkononi. Yeye aliizungushia dole gumba, akaikumbatia kama mtu ashikavyo mpini wa jembe. Aliiinua ili Bwana Pinnock aone jinsi alivyoishika.

"Usifanye hivyo," Aristides alisema. "Nakuamini sasa. Shika vizuri."

"Umeniamini wewe. Yeye bado."

Alivuta mara moja. Injini ilikohoa. Alijua vizuri kifundo cha mkono kinavunjikaje. Alivuta mara ya pili. Iliwaka, ikatetemeka, kisha ikatulia na kunguruma sawasawa, bila kugonga. Mtu mmoja nyuma alicheka kwa furaha. Mbaruku aliichomoa hendeli, akailaza chini polepole.

Bwana Pinnock alimpa karani ishara. Karani alimkaribia Aristides na karatasi na kalamu.

"Sikuona mtu akitega kitu," Aristides alisema. "Nilikuwa nakunywa chai. Andika hivyo nitatia sahihi, hata kwa mkono wa kushoto."

"Hapana andika hivyo," Bwana Pinnock alisema.

"Basi rudi nayo."

Walirudi nayo. Siku ileile Natvarlal alipigiwa simu, akaambiwa kwamba kuanzia mwezi ujao atafute vipuri mahali pengine. Alikwenda kuvitafuta kwa jamaa zake Mombasa, vikawa vinachelewa wiki mbili mbili. Alinung'unika sana kwa hilo, mbele ya Mbaruku na nyuma yake, lakini hakumwachisha Aristides kazi.

Mbaruku naye alikwenda ofisi ya serikali ya mambo ya kazi na barua aliyoiandika mwenyewe kwa Kiswahili, kurasa mbili. Aliandika juu ya puli, juu ya kitabu, juu ya karatasi ya kutiliwa dole. Katikati aliandika: "Taimingi sikuitega mimi. Boneti niliifunga mimi, na kwa hilo nimemwomba dereva radhi." Mwandishi wa barua aliyekaa nje ya ofisi alimshauri aukate mstari huo, akisema utamharibia. Aliuacha.

Zilipita wiki sita. Alipoitwa, afisa alikuwa kijana wa Kizungu mwenye uso wa kuchoka, na pembeni yake mkalimani. Barua ya kazi ilikuwa tayari mezani. Ilisema kwamba Mbaruku alikuwa fundi mwenye bidii, na kwamba aliacha kazi kwa hiari yake. Kuhusu mkono wa Aristides, gereji ilikuwa imeandika kwamba ilikuwa ajali, na haikuwa kosa la mtu yeyote.

"Sikuacha kwa hiari," Mbaruku alisema. "Nilifukuzwa. Andikeni nilifukuzwa, na andikeni sababu."

Mkalimani alimnong'oneza kabla ya kutafsiri. "Ndugu yangu, chukua. Hii ndiyo barua uliyokuwa unaitaka. Miaka kumi na moja hiyo."

"Tafsiri nilivyosema."

Afisa alisikiliza, akasugua macho. Alisema kwa upole kwamba amejitahidi kuipata barua hiyo, na hakuna nyingine itakayokuja. Bila hiyo hakuna gereji itakayomwajiri.

"Najua, bwana. Ahsante kwa taabu yako."

Alimaanisha. Aliinuka, akaisukuma barua kwa ncha ya kidole mpaka ikarudi upande wa afisa, akatoka.

Aristides alikuwa anamsubiri ngazini. Plasta ilikuwa imetolewa, na kifundo chake kilikuwa kimeunga upande, kimeinuka kama fundo la muwa.

"Wamekupa?"

"Walinipa. Nimeiacha mezani."

Aristides alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. "Una wazimu wewe."

"Labda."

"Mama Josepha atasema una wazimu."

"Mwambie nimekubali."

Walitembea pamoja mpaka Mtaa wa Swahili, bila haraka, kwa sababu palikuwa na jua. Huko, kwenye kiwanja kitupu nyuma ya mgahawa, palikuwa na teksi moja iliyofunguliwa injini tangu jana, vyuma vyake vimepangwa juu ya gunia kwa utaratibu anaoujua Mbaruku peke yake. Mwenye teksi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, amekasirika.

"Uliniambia saa tatu," alisema.

"Nilikuambia," Mbaruku alijibu. Akavua shati, akalitundika kwenye kioo cha teksi, akachuchumaa kutafuta spana.